Gunia la Nguo za Frateri

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba uvumilivu, maana mimi shule sikuiona hata kupitia dirishani, herufi nilifundishwa na katekista nikiwa tayari naitwa bibi ili niweze kusoma kitabu cha sala bila kumsumbua mtu, kwa hiyo nukta na mkato utaviweka wewe unapopenda, mimi nakupa maneno tu.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni iliyo nyuma ya soko, nimeifanya kazi hii tangu mgongo wangu ukiwa umenyooka, na kwa kazi hii nimemlea mjukuu wangu wa kiume, mtoto wa binti yangu ambaye Mungu alimchukua mapema, na huyo mjukuu sasa ni frateri, yaani kijana anayesomea upadri, ameshamaliza falsafa na leo angekuwa kwenye teolojia kama wale walezi wake wa seminari wasingemrudisha nyumbani na godoro lake kichwani. Si kwamba wamemfukuza. Wanasema wamempa mwaka mmoja akae nyumbani aishi na watu, kana kwamba huko kwao alikuwa anaishi na mbuzi.

Nilimwendea paroko wetu, kijana mzuri ila ndevu bado hazijakolea, nikamuuliza mjukuu wangu amekosa nini, ameiba, amelewa, ameonekana na mwanamke, sema nijue moja. Akasema, "Hapana bibi, hakuna hata moja hapo. Mkuu wa seminari anasema hajawahi kufua."

"Hajawahi kufua nini?"

"Nguo zake, bibi. Muda wote aliokaa kule. Hata soksi."

Mshauri, nilisimama. Nikamwambia, "Baba Paroko, unajua unaongea na nani? Nguo za mjukuu wangu nafua mimi! Nazitia buluu, nazitia wanga, kola zake ukizigonga kwa kucha zinalia. Waulize hao kama wana askofu anayevaa nyeupe kuliko ya mjukuu wangu!" Paroko akajikuna shingo akasema, "Ndilo hilo lenyewe, bibi," nami nikaona hana la kujibu, nikamuaga.

Maana ni hivi. Likizo yake ya kwanza kutoka seminari kuu alikuja na mashati aliyofua mwenyewe, kola zimekuwa rangi ya majivu, nikalia machozi ya kweli, nikamwambia mwanangu, maadamu bibi yako dobi anapumua, wewe huwezi kusimama mbele ya altare umevaa hivi. Sasa ile seminari hupelekewa unga na gari linalopita hapa kwetu, dereva namfahamu, mkewe tulibatizwa siku moja, basi tukapatana, gari likishuka tupu linashuka na gunia la nguo chafu, likipanda na unga linapanda na gunia la nguo safi. Mtoto akasema, "Lakini bibi, wenzangu wote wanafua wenyewe." Nikamwambia wenzako hawana mimi. Hakubisha tena, ni mtoto msikivu.

Gunia halikukosa, na nakuambia ukweli, siku linaposhuka ilikuwa siku yangu kubwa, nalifungua polepole, nanusa, najua kama amecheza mpira au amekaa karibu na moshi wa jikoni, nashika mkanda wa suruali najua kama amekonda. Kuna mwezi yalikuja mashuka ya mtu anayeumwa tumbo, na hali yake siwezi kuiandika gazetini watu wakiwa mezani. Niliyachemsha, nikayafua, nikayaanika, nikamsalia novena ya tumbo lake bila kuruka siku, na alipokuja likizo nikamuuliza tumbo linaendeleaje, akasema, "Tumbo gani, bibi?" Ndivyo alivyo, hapendi kunitia wasiwasi.

Sasa sikia kinachonichoma. Hii seminari imenibadilishia mtoto. Niliyempeleka siye niliyerudishiwa.

Niliyempeleka alikuwa anaitwa Kijiko. Majirani ndio waliompa, kwa sababu tangu anatambaa hakuachana na kijiko mkononi, akisikia kifuniko cha sufuria kimefunuliwa nyumba ya tatu, yeye yuko mlangoni anauliza kama chakula kimeiva. Huyo Kijiko alikuwa hajafikia kimo cha meza yangu ya pasi siku nilipoteleza na ndoo nikavunjika mguu. Nimelala kitandani, mguu kama gogo, nawaza wateja watakwenda kwa dobi wa ng'ambo ya pili na sisi tutakula nini, asubuhi nasikia mkaa unapepewa uani. Nikaita, "Nani huyo?"

"Mimi."

"Unafanya nini na moto?"

"Napika uji wako. Halafu napiga pasi foronya."

"Utaungua wewe!"

"Nikiungua nitakuita."

Nilijivuta mpaka dirishani nikamwona. Amesimama juu ya kreti la soda, ulimi nje, pasi ya mkaa ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayesukuma gari bovu, foronya moja baada ya nyingine, na akimaliza moja anairudia kwa kuipapasa kama anambembeleza mtoto alale. Uji wake ulikuwa na madonge kama kokoto. Niliunywa wote nikaomba tena, na mpaka leo, mshauri, sijawahi kunywa uji mtamu kama ule.

Nilipopona tukawa tunafanya pamoja. Mashuka ya vitanda vikubwa hayakamuliwi na mtu mmoja, labda wewe hujui kwa kuwa unaandika gazeti, ni lazima mmoja ashike ncha hii na mwingine ncha ile, mimi nazungusha huku yeye anazungusha kule, na kwa wepesi wake shuka likishakaza lilikuwa linamzungusha yeye, anacheka, maji yanatumwagikia miguuni, anapiga kelele, "Bibi, limenikamua mimi!" Tulikuwa tukicheka hivyo kila siku ya Mungu na wala hatukujua kuwa tunafurahi, tulidhani tunafanya kazi. Hata siku aliyoniambia anataka upadri tulikuwa tumeshika shuka. Alisema, "Bibi, nataka niwe padri," na mimi nikakaza mikono nisije nikaliachia likaanguka kwenye vumbi.

Sasa angalia nilichonacho. Anaketi. Nimemwekea kiti chake, kile chenye mito, hakikaliwi na mwingine hata yeye akiwa kanisani. Ana kikombe chake chenye kifuniko. Maji ya kuoga namchemshia nampelekea mpaka bafuni. Jina la Kijiko nimelipiga marufuku, hapa kwangu ni Frateri, na fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliposahau akamwita Kijiko nilimjibu neno ambalo ilibidi nilipeleke kwenye kitubio. Wiki ile aliyorudi aliamka mapema akachukua ndoo, nikamnyang'anya. Nikamwambia, "Mikono hii itapakwa mafuta matakatifu, haiwezi kupakwa sabuni." Akarudi ndani, na tangu hapo ndoo hajaigusa. Anasoma, anasali, nikimpa chakula anasema, "Asante bibi, Mungu akubariki," kama mgeni aliyepotea njia akasitiriwa. Humu ndani mna padri mpole ambaye mimi simjui, na yule aliyekuwa anakamuliwa na shuka sijui wamemuacha wapi.

Majuzi pasi iliniponyoka ikanipitia mkononi. Nilipiga yowe. Akaja mbio, akapiga magoti, akanishika mkono, akasali sala ndefu, nzuri, mpaka nikasahau maumivu kidogo, kisha akasema, "Pumzika bibi," akarudi kitini kwake. Mashuka ya wageni yalikuwa kwenye beseni. Yalilala humo mpaka yakanuka. Fundi cherehani akachungulia juu ya ukuta, "Dobi! Huyo wako anangoja apewe uaskofu ndipo ainue shuka?"

Nikamwambia, "Wewe shona, na uanzie mdomo wako."

Lakini fundi alipoinamisha kichwa nyuma ya ukuta nikakaa juu ya kreti, lile lile, ninalo mpaka leo, nikalia, kwa sababu Kijiko asingeyaacha yanuke. Nikafunga ncha moja ya shuka kwenye nguzo ya kamba, nikakamua kwa mkono mmoja. Linakamuka, siwezi kusema halikamuki. Ila nguzo haicheki, mshauri.

Sasa mwaka unaisha. Paroko amesema Jumapili ijayo baada ya misa atakuja kwangu, ataketi na mimi peke yangu, na nitakachosema ndicho atakachompelekea mkuu wa seminari, ndipo waamue kama mtoto anarudi au basi. "Utaniambia tu kijana ameishije hapa nyumbani, bibi. Kwa ukweli wako." Nikisema ameishi vizuri, nimemdanganya padri, tena Jumapili, tena kwangu mwenyewe. Nikisema seminari imeniletea mtu asiyeona beseni, watamfungia mlango, na huo upadri nimeuombea kwa magoti haya tangu siku ya lile shuka. Nilimuuliza yeye mwenyewe, unataka nisemeje? Akaangalia mikono yake, akasema, "Sema unachokiona, bibi."

Niambie, nisemeje? Na kama kuna ofisi ya kuwashitaki walezi walioharibu mtoto wa mtu, nitajie nikapange foleni.

Ni mimi, Dobi wa nyuma ya soko.

*

Mshauri anajibu:

Bibi yangu, shikamoo. Nimekuamkia mapema kabisa, kwa sababu nikishaanza sitakuwa na nafasi ya adabu.

Ofisi unayoiulizia ipo. Ingia chumbani, simama mbele ya kioo, toa malalamiko yako. Foleni haina watu.

Uliisoma barua yako kabla ya kuifunga, bibi? Kile kiti chenye mito kililetwa na gari la unga? Kikombe chenye kifuniko kilitumwa na mkuu wa seminari? Nani alimnyang'anya mtoto ndoo wiki ile ile aliyorudi, tena ameamka mwenyewe bila kuitwa? Umeniandikia alivyorudi ndani. Uso wake alipokuwa anarudi hukuniandikia. Nadhani hukuuangalia, ulikuwa unaangalia ndoo.

Niseme jambo la nyumbani kwangu. Mume wangu alikuwa frateri. Alitoka kabla ya ushemasi, kwa amani na kwa baraka ya mkuu wake, na ndiyo maana mimi nina mume. Hadi leo anatandika kitanda kana kwamba kuna mkaguzi mlangoni, na saa ya kengele ya alfajiri anaamka hata siku za mapumziko, anakaa ukingoni mwa kitanda hajui aende wapi. Nilimsomea barua yako tukiwa mezani. Nilipofika kwenye gunia aliweka kijiko chini. Akasema, "Maskini. Kwa hiyo huyo hakuwahi kufika makaroni."

Nikamuuliza makaroni ni wapi. Akanieleza, na nikwambie, nimeishi na mwanamume huyu mpaka tumeoza meno, sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Kwao ilikuwa Jumamosi mchana, wakitoka bustanini. Makaro ya saruji, yale ya kufulia, yamepangwa mstari mmoja chini ya bati, mafrateri wamekunja suruali, povu mpaka kwenye viwiko. Hapo mlezi hapiti. Hapo ndipo mmoja anasema baba yake anaumwa. Mwingine anasema sala zimemkauka, anafungua mdomo hakuna kinachotoka. Mwingine anakiri kuna binti wa kwaya anamwota. Mmoja akifeli mtihani, anakuta soksi zake zimeshafuliwa, na hakuna anayesema ni nani. Wanabishana falsafa huku wanarushiana maji. Na mashuka, bibi, wanakamua wawili wawili, mmoja ncha hii mwingine ncha ile. Unaona? Wewe uliyajua hayo kabla ya seminari yao kujengwa.

Mume wangu anasema Kilatini kimemtoka, na kanzu haikumbuki. Anachokikosa ni ubaridi wa maji yale na zile kelele. Rafiki zake ambao leo ni mapadri, wale wanaokuja kwetu kula na kukosoa chumvi yangu, wote ni wa makaroni. Wa darasani hana hata mmoja.

Mjukuu wako saa hiyo alikuwa wapi? Chumbani. Msafi, na kitabu. Kola inalia. Hakuna aliyesema ni mchafu, bibi! Walezi wamesema hawakuona akifua, na maana yake ni kwamba wameishi naye na hawamjui, wala wenzake hawamjui. Na wewe kila mwezi ulikuwa unawatumia ushahidi, umepigwa pasi.

Halafu yale mashuka ya tumbo. "Tumbo gani, bibi?" Hukushtuka? Mimi nilishtuka nikiwa huku. Mume wangu anasema frateri akiugua, wenzake humfulia kwa zamu. Hayakuwa mashuka ya mjukuu wako. Ilikuwa zamu yake, naye akaitia kwenye gunia. Wewe ukafua, wewe ukachemsha, wewe ukamwombea mgonjwa usiyemjua, na kama alipona basi novena yako haikupotea. Lakini ile siku ya kuinama juu ya uchafu wa mwenzake na kugundua kuwa hafi, siku ambayo huenda ingemfanya padri kuliko vitabu vyote, uliishi wewe. Na wewe hukuwa unaihitaji. Wewe ulishafuzu zamani.

Sasa usilie. Au lia, ila endelea kusoma.

Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe ulimlea vizuri akiwa mdogo, kisha alipokuwa mkubwa ukaanza kumlea upya, safari hii vibaya. Najua ni kwa nini. Gunia lilikuwa harufu yake. Nyumba ilikuwa kimya na gunia lilikuwa linaongea. Mwanamke aliyezoea kupenda kwa mikono, ukimwondolea mtu wa kumfulia unamwondolea lugha. Sikulaumu kwa kulinusa, nami nina shati la mwanangu wa kwanza chini ya mto na nikiulizwa nitakana. Nakulaumu kwa kumwambia mtoto "wenzako hawana mimi." Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomkosesha wenzake.

Na hili la mafuta na sabuni nani alikufundisha? Si katekista wako, nitamtetea. Alhamisi Kuu umeketi benchi la mbele, unamwona padri anajifunga taulo, anapiga magoti, anaosha miguu ya wazee wenye magaga mbele ya watu wote. Mikono ile ile, bibi. Mafuta na sabuni havijawahi kugombana.

Yeye naye simwachi. Najua unaisoma kwa sauti, na najua anasikiliza akiwa kwenye kile kiti. Kijana, inuka hapo. Kumtii bibi ni vizuri, lakini wewe ulimtii pale palipokuwa na mito. Ulishika ndoo asubuhi moja, ukanyang'anywa, na moyoni ukashukuru. Kama huwezi kumwambia bibi yako mpendwa "Hapana, hii nabeba mimi," siku tajiri wa parokia atakapotaka umpindishie jambo utamwambia nini? Utamwambia Mungu akubariki. Na bibi yako alipoungua, sala yako ilikuwa nzuri, yeye mwenyewe ameisifu. Ila beseni lilikuwa hapo karibu na goti lako, nalo lilikuwa sehemu ya pili ya sala. Rudi, uimalizie.

Bibi, turudi kwetu. Kwanza huo mkono upeleke zahanati leo, usingoje ufanye usaha. Kisha mashuka yakija, usimhubirie, mahubiri anayo mengi kuliko wewe. Fua mpaka ufike kwenye lile la kitanda kikubwa. Usilifunge kwenye nguzo. Shika ncha moja, simama, mwite. Mwite Kijiko, kwa sauti ile ya zamani, fundi cherehani asikie, na ukimwona umtake radhi kwa lile neno, maana yeye ndiye peke yake aliyekuwa anakwambia ukweli. Akija, mpe ncha ya pili na unyamaze. Upande wa kuzungusha hajausahau, mwili hausahau.

Kiti keti wewe. Kikombe chenye kifuniko mwekee paroko akija. Uji apike yeye, na ukiwa na madonge kunywa, omba tena, unajua namna.

Jumapili, paroko akishaketi, usimsifu mjukuu wako wala usimchome. Mweleze gunia. Mweleze ndoo, kiti, mashuka ya tumbo, yote kama ulivyonieleza mimi, hata lile uliloona paroko hana jibu, maana alikuwa nalo, alikuwa anakuheshimu tu. Halafu sema, "Baba, mwaka huu niliuishi mimi. Yeye ameanza juzi. Muombeeni muda mwingine." Huo ndio ukweli wako, na hautakuchoma kooni wakati wa komunyo.

Watakubali? Sijui. Mimi si mkuu wa seminari, na sitakudanganya ili ulale. Wakikataa, utabaki na mjukuu anayejua kukamua shuka, na hiyo si aibu wala msiba. Nyumbani kwangu yupo mmoja wa namna hiyo, na sijawahi kuomba arudishwe.

Wakikubali, siku ya kuondoka sanduku abebe mwenyewe, na wewe umsindikize mikono mitupu. Baadaye, siku moja, gari la unga litashuka na utaona dereva anashusha gunia, maana mazoea yana taabu na kijana ni kijana. Usilifungue. Usinuse, bibi, nakuomba, hata kidogo. Legeza kamba kiasi cha kupitisha mkono, tia ndani mche mmoja wa sabuni, funga tena, mkabidhi dereva alirudishe juu.

Ukitokwa na machozi, yaache yatoke. Vya kufutia unavyo, tena vimepigwa pasi.